DAFTARI LA SILI KATIKA NCHI YA BARAFU

Siku moja mzee mmoja alifika ofisini kwetu kuandikisha ng'ombe wake wapate kuchanjwa. Nilipomwuliza idadi yao alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, kwetu mtu hahesabu ng'ombe wake kwa sauti. Tena niambie, tangu mlipoanza kujaza madaftari haya, ni ng'ombe gani aliyenenepa kwa kuandikwa?" Nikacheka, naye akacheka, tukaandika ng'ombe wake kwa kunong'ona. Lakini swali lake halikunitoka moyoni. Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kuandika hesabu ya mali ambayo yeye mwenyewe haifugi wala haili. Kama kuandika hakunenepeshi kitu, basi kunafaa nini?

Jawabu nimelipata mbali sana, katika habari za mnyama ambaye hapana mtu amfugaye, akaaye penye mwisho wa dunia upande wa kusini. Jina lake ni sili. Napenda kuwaeleza wasomaji habari zake, na habari za watu ambao kwa zaidi ya miaka 50 wamekuwa wakimwandika katika daftari.

Mnyama Mwenyewe

Wengi wetu theluji twaijua kwa kuitazama kwa mbali tu, juu ya Mlima Kenya, asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Basi fikiri nchi kubwa kuliko Ulaya nzima, ambayo karibu yote imefunikwa na barafu. Nchi hiyo yaitwa Antaktika. Haina miti wala mashamba, wala hapana kabila lililopata kukaa huko tangu zamani. Watu waliopo ni wataalamu na wasaidizi wao, ambao huenda kwa zamu kisha hurudi makwao. Sehemu za pwani yake zilizo kusini sana hukaa karibu miezi minne ya kipupwe bila kuona jua, na bahari huganda juu hata gari laweza kupita.

Katika bahari hiyo huishi sili wa namna nyingi. Sili si samaki. Ni mnyama mwenye damu ya moto, azaaye na kunyonyesha, apumuaye hewa kama ng'ombe. Ila miguu yake imekuwa mapezi ya kuogelea, na chini ya ngozi ana mafuta mengi ya kumkinga na baridi. Mmoja wao aitwa sili wa Weddell. Urefu wake ni kama futi 10, na mkubwa aliyeshiba aweza kuwa na uzito wa ratili 1,000. Ukiacha binadamu, hapana mnyama mwingine anyonyeshaye ambaye huzaa kusini kuliko yeye.

Maisha yake yana shida moja kubwa. Chakula chake ni samaki, nao wako chini ya barafu. Pumzi yake iko juu ya barafu. Na katikati kuna kifuniko chenye unene wa futi sita au zaidi. Kwa hiyo sili hutafuta ufa, akafanya tundu la kupumulia, na kila siku huliparuza kwa meno yake ya juu lisigande. Kama vile jembe linavyolika kwa kulima, ndivyo meno yake yanavyolika kwa barafu mwaka baada ya mwaka. Meno yakiisha, tundu huziba. Na tundu likiziba, hana pa kuvutia pumzi.

Nahodha Aliyeandika Hasara

Jina la sili huyu limetokana na James Weddell, nahodha wa Kiingereza. Mwaka 1823 aliingia kwa merikebu katika bahari ya kusini, mbali kuliko mtu ye yote aliyemtangulia, na bahari hiyo leo yaitwa kwa jina lake. Lakini hakuwa mtaalamu wa wanyama. Alikuwa mwindaji, na biashara yake ilikuwa ngozi.

Wakati ule watu walikuwa wakitafuta sili wa namna nyingine, mwenye manyoya laini, ambaye ngozi yake ilipata bei kubwa. Visiwa vya South Shetland viligunduliwa mwaka 1819, na mara merikebu za Waingereza na Wamarekani zikamiminika huko. Weddell aliandika kitabu kilichotolewa London mwaka 1825, akaeleza mambo yaliyotendeka. Kwa hesabu yake, katika miaka miwili tu, 1821 na 1822, zilichukuliwa ngozi 320,000. Kila sili aliyepanda pwani aliuawa, mkubwa kwa mdogo, dume kwa jike. Watoto ambao mama zao waliuawa walikuwa na siku chache tu, wakafa kwa njaa, na hao Weddell aliwakisia kuwa zaidi ya 100,000. Mwisho wa mwaka wa pili sili walikuwa karibu kwisha kabisa.

Hapo ndipo mwindaji huyu akaanza kusema kama mfugaji. Alikitaja kisiwa cha Lobos, karibu na mlango wa mto La Plata, ambako watawala wa Montevideo waliwawekea wawindaji mpaka ili sili wasikome. Alionyesha kwamba laiti visiwa vya kusini vingalitunzwa vivyo hivyo, vingalitoa ngozi nyingi kila mwaka kwa miaka mingi. Msomaji mwenye zizi aelewa maneno hayo pasipo kufafanuliwa: achinjaye ng'ombe wa maziwa na ndama wake siku moja hula nyama wiki moja, kisha hana maziwa wala nyama.

Lakini hesabu ya Weddell iliandikwa baada ya mali kupotea. Ilifaa kwa kuomboleza tu.

Saa ya Jikoni

Sili wa Weddell mwenyewe hakuuawa kwa wingi namna ile, kwani ngozi yake haina manyoya ya thamani, na makao yake yako mbali ndani ya barafu. Hata hivyo wasafiri wa mwanzo wa karne ya 20, kama Scott na Shackleton, walikula nyama yake na kuwalisha mbwa wao. Walimjua kama mpishi anavyomjua kuku. Jinsi alivyoishi chini ya barafu hawakujua, maana akishaingia tundu lake alipotea machoni.

Mwaka 1961 mwanafunzi mmoja wa Marekani, Bwana Gerald Kooyman, alifika McMurdo Sound, mkono wa bahari ulio chini ya Mlima Erebus, mlima wa moto ambao urefu wake wapita futi 12,000. Kooyman alitaka kujua sili huzama umbali gani na kwa muda gani. Naye alifikiri hila nyepesi. Alikata tundu katika barafu, mahali palipo mbali na nyufa na matundu mengine yote, akaweka kibanda juu yake. Kisha sili aliletwa kwa gari la kuburutwa, akafungwa chombo mgongoni, akaachwa aingie majini. Sili aliweza kwenda atakako, lakini alilazimika kurudi pale pale, kwa kuwa hapakuwa na pumzi penginepo. Akirudi, chombo hufunguliwa na kusomwa.

Chombo chenyewe hakikutoka katika kiwanda kikubwa. Ndani yake mlikuwa na saa ya jikoni, ile imkumbushayo mpishi kwamba mkate umeiva. Saa ilizungusha kioo kilichopakwa masizi, na sindano iliyosukumwa na mgandamizo wa maji ilichora mstari juu ya masizi hayo. Kadiri sili alivyozama, ndivyo mstari ulivyosogea. Kwa chombo hiki, katika miaka ya 1963 na 1964, watu walipata kusoma kwa mara ya kwanza safari za sili chini ya barafu. Mmoja alizama mita 600, yaani karibu futi 2,000. Mwingine alikaa chini dakika 43 bila kuvuta pumzi. Na tangu wakati huo wameonekana wengine waliopita saa nzima.

Je, awezaje? Wengi tungedhani kwamba huvuta pumzi kubwa kwanza, kama mvulana atakaye kuzama mtoni. Sivyo. Sili hutoa pumzi kabla ya kuzama. Katika kina cha futi 2,000 mgandamizo wa maji ni kama mara 60 kupita ule wa hewa tuipumuayo, na mapafu yaliyojaa hewa yangemletea hatari. Akiba yake ya oksijeni, ile sehemu ya hewa iwezeshayo mwili kuishi, haiko mapafuni. Iko katika damu, ambayo ni nyingi kuliko ya mtu kwa kadiri ya uzito wake, na katika nyama ya mwili, ambayo kwa ajili hiyo ni nyeusi nyeusi. Tena akizama moyo wake hupiga polepole, na damu hupunguzwa kwenda mahali pasipo na haja nayo sana. Ni kama mwenye nyumba ambaye wakati wa njaa hupima unga kwa kikombe. Mara nyingi hurudi kabla ya dakika 20 kwisha, wakati akiba yake bado i salama.

Baadaye vyombo viliendelea. Mnamo mwaka 1999 Bwana Randall Davis na wenzake walitangaza kwamba wamemvika sili kamera ndogo kichwani. Picha zilimwonyesha akiwafuata samaki wakubwa gizani. Zilimwonyesha pia akipuliza mapovu ya hewa katika nyufa za barafu ili samaki wadogo waliojificha humo watoke, kisha awakamate.

Namba Katika Mapezi

Hata hivyo, kumjua sili mmoja si kuwajua sili wote. Mfugaji hapendi kujua tu kwamba ng'ombe mmoja ana nguvu. Apenda kujua kama zizi laongezeka au lapungua. Kwa sababu hiyo kazi nyingine ilianzishwa mwaka 1968 katika Ghuba ya Erebus, chini ya Bwana Donald Siniff wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Na baadaye ikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana. Kazi hii haina ajabu ya kamera. Ni kazi ya karani, ila ofisi yake ni barafu.

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba na Novemba, majike hupanda juu ya barafu karibu na nyufa, wakazaa. Mtoto huzaliwa na uzito wa kama ratili 60, akitoka katika joto la tumbo la mama yake na kuingia katika baridi ambayo yaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Maziwa ya ng'ombe yana kama sehemu 4 za mafuta katika 100. Maziwa ya sili yaweza kupita sehemu 50. Kwa hiyo katika muda wa wiki sita au saba mtoto hufikia ratili 220 au zaidi. Lakini mama, ambaye wakati wa kunyonyesha hula kidogo sana, hupungua zaidi ya theluthi ya uzito wake. Unono wa mtoto hutoka katika mwili wa mama.

Katika siku hizo wataalamu hutembea juu ya barafu, na kila mtoto hutiwa namba katika mapezi yake ya nyuma, kwa namna ile ile ambayo ng'ombe hutiwa namba sikioni. Kisha namba huandikwa, pamoja na tarehe, mahali, na namba ya mama. Mwaka wa pili hurudi, wakasoma namba tena. Na mwaka wa tatu. Na wa nne. Sili mmoja aweza kuishi hata miaka 30, kwa hiyo wako waliotiwa namba na mwanafunzi kijana, wakasomwa namba hiyo na mwanafunzi mwingine aliyezaliwa baadaye kuliko wao. Mpaka sasa waliotiwa namba wamepita 20,000.

Daftari hilo limefundisha mambo ambayo hapana macho ya siku moja yangeweza kuyaona. Limefundisha kwamba jike huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa kama miaka saba. Limefundisha kwamba hazai kila mwaka, kwani gharama ya kumlea mtoto mmoja yaweza kumzuia mwaka ufuatao. Na hapo yafaa tukumbuke tena visiwa vya South Shetland: mnyama azaaye mtoto mmoja tu kwa mara moja, na asiyeanza upesi, hawezi kuijaza upesi hasara aliyotiwa.

Mlima wa Barafu Ulioziba Njia

Faida ya daftari ilionekana hasa siku ya shida. Mwezi wa Machi mwaka 2000 kipande kikubwa mno cha barafu kilivunjika pwani ya Antaktika, kikapewa jina B-15. Urefu wake ulikuwa kama maili 180 na upana maili 23. Mtu atembeaye maili 20 kwa siku angechukua siku tisa kuumaliza urefu wake. Vipande vyake vilielea mpaka Kisiwa cha Ross, vikakaa karibu na mlango wa McMurdo Sound kwa miaka kadhaa. Upepo na mawimbi yakazuiliwa. Barafu ya bahari, ambayo ilizoea kuvunjika wakati wa kiangazi, haikuvunjika. Ikazidi kuwa nene, na nyufa zikawa chache.

Watoto waliozaliwa katika Ghuba ya Erebus wakapungua sana. Mtu ambaye angefika mwaka ule kwa mara ya kwanza angesema, "Sili wamekwisha." Na kama angekuwa na mamlaka, pengine angetoa amri kwa neno hilo. Lakini wenye daftari waliweza kuuliza swali la haki: Fulani mwenye namba hii amekufa, au hakuja tu? Miaka ikapita, vipande vya barafu vikaondoka, na majike wengi wenye namba za zamani wakaonekana tena, wakazaa. Hawakuwa wamekufa. Katika miaka mibaya walikaa mbali, au hawakuzaa, wakaitunza miili yao mpaka mambo yatengenee. Mfugaji wa nchi kavu ajua jambo hilo: katika mwaka wa ukame ng'ombe wengi hawashiki mimba, lakini zizi lenye majike walio hai laweza kuinuka tena mvua ikinyesha.

Hesabu na Sheria

Mbwa wa kuvuta mizigo, ambao kwa miaka mingi walilishwa nyama ya sili, waliondolewa kabisa katika bara lile mwaka 1994. Lakini sheria kubwa zilikuwa zimetangulia. Tarehe 1 Desemba 1959 mataifa 12 yalitia sahihi Mkataba wa Antaktika, wakapatana kwamba nchi ile itumiwe kwa amani na kwa elimu. Mwaka 1972, mjini London, ukafanywa mkataba mwingine wa kuwalinda sili, nao ukaanza kazi mwaka 1978. Mkataba huu uliweka mpaka wa sili wa Weddell wawezao kuchukuliwa kwa mwaka mmoja, nao ni 5,000. Tena ulikataza kuwaua walio na umri wa mwaka mmoja au zaidi tangu tarehe 1 Septemba mpaka 31 Januari, yaani majira yale ambayo majike huzaa na kunyonyesha. Msomaji aweza kupiga hesabu mwenyewe: tangu Weddell alipoandika juu ya watoto waliokufa kwa njaa mpaka sheria hiyo ilipoandikwa, ilipita miaka 147.

Siku hizi vita si vya ngozi tena, bali ni vya chakula. Wale samaki wakubwa walioonekana katika kamera ya sili, ambao mmoja aweza kupita ratili 100, hutakiwa pia na wavuvi, na tangu miaka ya 1990 merikebu zimekuwa zikiwavua katika Bahari ya Ross. Mwaka 2016 nchi 24 pamoja na Umoja wa Ulaya zilikubaliana kutenga sehemu kubwa ya bahari hiyo, na agizo hilo likaanza Desemba 2017. Katika eneo kubwa la sehemu hiyo uvuvi umekatazwa.

Na kuhesabu bado kwaendelea, hata kutoka angani. Wataalamu walichukua picha zilizopigwa na setilaiti mwezi wa Novemba 2011, wakawaomba watu wa kawaida wasaidie kutafuta sili, ambao huonekana kama vitone vyeusi juu ya barafu. Zaidi ya watu 300,000 walijitolea. Mwaka 2021 jawabu likatangazwa: majike wa sili wa Weddell wa Antaktika yote walikisiwa kuwa kama 202,000. Makisio ya zamani yalikuwa yakisema 800,000 kwa madume na majike pamoja. Lakini wataalamu wenyewe walionya kwamba njia za kuhesabu si moja, wala mtu asiseme upesi kwamba sili wamepungua kwa kiasi hicho. Karani mwema huandika ajuacho, na pale asipokuwa na hakika huacha nafasi.

Sasa namrudia yule mzee wangu. Alisema kweli: hapana ng'ombe aliyenenepa kwa kuandikwa, wala hapana sili aliyepata samaki kwa sababu ya namba katika pezi lake. Lakini wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wale sili 320,000 walipotea, na habari yao iliandikwa walipokwisha kwisha. Hawa wa Ghuba ya Erebus waliandikwa wangali hai, na siku watu walipodhani kuwa wamekwisha, daftari lilisimama kama shahidi likasema, "Bado wapo; wangojeeni."

Mzee akija tena kuchanja ng'ombe wake nitamwambia hayo. Na kama bado hapendi kuwataja kwa sauti, si neno. Tutaandika kwa kunong'ona, ila tutaandika.